Mwenye nyumba haondoki uani: maswali ya wapangaji kuhusu faragha

Majibu haya ni ya wapangaji wa Tanzania Bara, hasa wa chumba kimoja au chumba na sebule, ambao mwenye nyumba anaishi humohumo au anapita kila siku. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Sheria ni ileile Mwanza, Arusha au Mbeya.

Nyumba ni yake. Kwa nini asiingie anapotaka?

Kwa sababu amekupangisha. Akishapokea kodi anabaki na umiliki, lakini matumizi ya chumba amekukabidhi wewe kwa muda wote uliolipiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113), kifungu cha 88, inaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na yeye wala mtu aliyemtuma. Ahadi hiyo imo hata kama karatasi mliyosaini haikuitaja.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 1977. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, pamoja na maskani yake. Haikusema maskani anayoyamiliki. Mpangaji wa chumba cha elfu hamsini Mbagala anahesabiwa sawa na mwenye ghorofa Masaki.

Mwenye nyumba naye ana haki zake. Anaruhusiwa kuingia kwa wakati unaofaa kukagua hali ya jengo au kufanya matengenezo yanayomhusu, ilimradi asivuruge kupita kiasi maisha ya aliyepanga. Ugomvi mwingi huanzia hapo: yeye hukumbuka kwamba anaruhusiwa kukagua, akasahau sharti la wakati unaofaa.

Je, lazima atoe taarifa ya saa 24 kabla?

Sheria yetu haitaji idadi ya saa. Hizo saa 24 unazozisoma mtandaoni ni za kwingine, kwa mfano Uingereza na jimbo la California. Usiende kumwambia mwenye nyumba wa Tandale kwamba sheria inasema saa 24, maana akiuliza kwa watu utaonekana mwongo hata kwenye yale uliyokuwa na haki nayo.

Mnachoweza kufanya ni kukubaliana muda wenu wenyewe. Siku moja inatosha kwa ukaguzi wa kawaida. Dharura ni habari nyingine. Maji yakifurika kutoka chumbani mwako hadi koridoni, waya ukiungua au moshi ukitoka dirishani nawe hupo, kuvunja mlango kunaweza kuwa ndiyo busara, na ni vigumu kumlaumu mwenye nyumba kwa hilo.

Anaishi humohumo. Baraza, korido na uani ni vyetu sote. Faragha yangu inaanzia wapi?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na nyumba zenyewe zimechangia. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati na vyumba kila upande. Nyuma kuna uani wenye choo, bafu, bomba na kamba za nguo. Mwenye nyumba mara nyingi amejiwekea vyumba vya mbele. Akitoka anakuona, ukitoka anakuona. Sufuria yako anaijua, nguo zako za ndani anazijua, na siku uliyorudi alfajiri anaikumbuka kuliko wewe.

Kuwapo kwake si kosa. Anaweza kukaa barazani kutwa nzima, akafagia uani, akasimama bombani, akapokea wageni wake. Korido, uani na choo ni sehemu za pamoja. Hapo hupati faragha ya mtu aliyejifungia, na ulipokuja kuangalia chumba uliliona hilo. Mpaka wako ni mlango wa chumba. Ndani ya mlango huo, dirisha lake na kila kilicho nyuma ya pazia, yeye ni mgeni kama wageni wengine: anabisha, anasubiri, anakaribishwa au anaambiwa arudi baadaye.

Bafu na choo ni vya pamoja, lakini aliyemo kwa wakati huo ana haki ya kufunga komeo na kuachwa. Kama mlango wa bafu umeoza au komeo limeng'oka, kutengeneza ni kazi ya mwenye nyumba. Lidai kama unavyodai bati linalovuja. Wapangaji hulichukulia kama jambo dogo, wakaishia kuoga huku wameegemeza ndoo mlangoni mwaka mzima.

Kubughudhi kunaweza pia kutokea bila mtu kukanyaga chumbani. Kusimama dirishani kila jioni kusikiliza maongezi, kupekua mfuko wa taka, kuwatangazia majirani mambo ya ndoa yenu, kuzima umeme makusudi kwa sababu mita ya LUKU iko chumbani kwake: haya yanaangaliwa kwa mwenendo wake wote. Tukio moja huenda lisikupeleke mbali, ila yakirudiarudia kwa miezi ndiyo yanayoonyesha kwamba utulivu ulioahidiwa haupo.

Kuna hali moja inayobadilisha mambo. Kama unaishi ndani ya familia yake hasa, unapitia sebule yao na unakula mezani kwao, hali yako inaweza kuhesabiwa kuwa ya mgeni wa kulipia kuliko ya mpangaji, na hoja yako kisheria inapungua nguvu. Chumba chenye mlango wako, ufunguo wako na kodi yako ndicho pango.

Aliingia nikiwa kazini, akasema alikuja kuangalia kama nimeacha feni inawaka. Nifanye nini?

Kwanza ongea naye, na uongee kwa adabu hata kama umekasirika. Wengi wa wenye nyumba wa namna hii ni watu wazima waliojenga kwa jasho. Mtoto wa mjini akianza na vifungu vya sheria, kikao kinaishia hapo. Baada ya mazungumzo, tuma ujumbe wa simu ili ibaki kumbukumbu:

"Shikamoo mama. Kama tulivyoongea, jana nilikuta chumba kimefunguliwa nikiwa kazini. Naomba siku nyingine ukihitaji kuingia unipigie kwanza, nitakuja au nitamtuma mtu. Jumamosi asubuhi huwa nipo nyumbani. Asante mama."

Ujumbe huo una tukio, una ombi, una siku mbadala, wala hauna tusi. Akijibu "sawa mwanangu", umepata makubaliano ya maandishi. Akijibu "nyumba yangu, naingia nitakavyo", huo nao ni ushahidi, tena mzuri zaidi.

Ana ufunguo wa akiba. Naweza kubadili kitasa?

Soma mkataba kwanza. Kama unakataza kubadili chochote bila idhini, omba idhini kwa maandishi na ueleze sababu. Kama mkataba haukutaja hilo, badili kwa gharama yako, hifadhi kitasa cha zamani, na siku ya kuhama ukirudishe kama kilivyokuwa. Usitoboe mlango wala kuharibu fremu, utakatwa.

Mwenye nyumba kuwa na ufunguo wa akiba si kosa, na siku ukipoteza wako utamshukuru. Njia ninayoipenda ni ufunguo huo kukaa kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa na ninyi wawili. Siku mkiikuta imefunguliwa, hakuna ubishi. Na komeo la ndani ni lako kabisa. Ukiwa chumbani, funga.

Kuingia bila ruhusa ni jinai?

Inaweza kuwa. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), kifungu cha 299, inahusu anayeingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Kinachoangaliwa ni nani anayeishikilia mali kwa wakati huo. Kwa hiyo jina la mwenye nyumba kuwa kwenye hati ya kiwanja halimpi kinga moja kwa moja. Ugumu uko kwenye kuthibitisha nia. Aliyeingia kuangalia feni utamtia hatiani kwa shida. Aliyeingia akamwaga vyombo na kukutukana mbele ya watoto, polisi wana pa kuanzia.

Nyumba haijaisha. Kila siku analeta mafundi, saa kumi na mbili asubuhi wameshaanza kugonga.

Hili limeenea sana pembezoni mwa jiji, ambako watu wanapangisha kabla ya plasta ili kodi ndiyo imalizie ujenzi. Uliona hali hiyo ukaingia, labda kwa bei nafuu, kwa hiyo huwezi kudai ukimya wa nyumba iliyokamilika. Lakini unaweza kudai ratiba: siku zipi, kuanzia saa ngapi, chumba kipi kitaguswa. Unaweza pia kukataa mafundi kuachwa peke yao kwenye chumba chenye vitu vyako. Kitu kikipotea hapo, kila mtu atamnyooshea mwenzake kidole. Ujenzi ukifanya chumba kisikalike kwa muda, jadilianeni punguzo la kodi kabla ya miezi kuisha, wala usilikate mwenyewe kimyakimya.

Anapiga marufuku wageni. Kila anayekuja anahojiwa koridoni.

Kanuni za nyumba zinaruhusiwa: geti kufungwa saa nne usiku, kutopiga muziki, kutoongeza mtu wa kudumu kwenye chumba bila kusema. Maji, choo na umeme ni vya watu wote, na anayehamia kimyakimya anawaongezea wengine gharama. Kumuuliza jina mtu atakayekaa wiki mbili ni jambo la kawaida. Mjumbe wa mtaa naye atataka kumjua.

Ila mgeni wa saa mbili ni wako. Mtu mzima anayelipa kodi hahitaji kibali ili mchumba wake anywe chai. Kama mkataba hauna katazo la wageni, mwenye nyumba hawezi kulizua katikati ya muda uliokwishalipwa. Na kama lilikuwamo ukasaini, basi ulisaini.

Mimi ni msichana na naishi peke yangu. Baba mwenye nyumba anagonga usiku, anasema anakuja kunisalimia.

Usilichukulie hili kama suala la pango. Usifungue. Mjibu ukiwa ndani, kwa sauti ya kusikika koridoni: "Shikamoo baba, nimeshalala, tuongee kesho nje." Majirani wasikie. Asubuhi mwambie mtu mmoja wa ndani ya nyumba na mtu mmoja wa nje, na uandike tarehe na saa.

Akirudia, au akitoa maneno ya kimapenzi, akatishia kukupandishia kodi au akakugusa, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Huna haja ya kupitia kwa mjumbe kwanza, na si wajibu wako kumlindia heshima yake mtaani. Watu watakuambia uhame tu yaishe. Kuhama ni uamuzi wako na unaweza kuwa wa busara, lakini ukihama unaweza pia kulalamika na kudai kodi ya miezi uliyobakiza.

Amefunga kamera.

Kamera inayotazama geti au uani kwa ajili ya wezi inaeleweka, na wapangaji wengi wanaitaka. Inayotazama ndani ya dirisha lako, mlango wa bafu au ndani ya chumba haina utetezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwanza uliza maswali mawili: inarekodi wapi, na nani anaangalia? Mara nyingi jibu ni kijana wake aliyeiunganisha na simu. Omba igeuzwe. Ukikuta kamera iliyofichwa, usiing'oe. Ipige picha ilipo, mwite shahidi, kisha nenda polisi.

Nimebakiza mwezi mmoja. Madalali wanaleta watu kuangalia chumba, wengine nikiwa nimelala.

Mwenye nyumba anataka chumba kisikae wazi, na dalali anataka mwezi wake mmoja wa udalali. Wewe unataka kulala. Mpe nafasi mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatano jioni na Jumamosi mchana, ukiwapo. Nje ya hapo, kataa. Dalali peke yake hana haki yoyote juu ya chumba chako, na picha za ndani zenye vitu vyako asizipige bila ridhaa. Kitanda chako kisije kikaonekana kwenye makundi ya WhatsApp ya "chumba master kinapatikana".

Nadaiwa kodi. Bado nina faragha?

Deni linakudhoofisha, kwa sababu ile ahadi ya kifungu cha 88 inaambatana na kulipa. Mwenye nyumba anaweza kuanza hatua za kusitisha pango, na hatua hizo huanza na notisi ya maandishi. Hata hivyo deni halimpi ruhusa ya kung'oa mlango au kuezua bati, kukutoa kwa mabavu, wala kushika simu yako na nguo za watoto kama rehani. Akiweka kufuli juu ya kufuli lako, piga picha, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku hiyohiyo, na uende huko na pendekezo la kulipa kidogokidogo. Anayekwenda mikono mitupu husikilizwa nusu.

Hatukuandikiana. Nina mkataba kweli?

Unao. Pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kuwa la mdomo. Kinachobaki ni kuthibitisha: ujumbe wa M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) wa kulipa kodi, daftari ambalo mwenye nyumba anasaini, dalali aliyekuleta, jirani aliyekuwapo. Ukilipa taslimu, omba aandike hata kwenye karatasi ya daftari la shule: jina, kiasi, kuanzia mwezi gani hadi upi.

Malalamiko nayapeleka wapi?

Wazee watakuambia nenda Baraza la Nyumba. Walikuwa sahihi zamani zao. Sheria ya Udhibiti wa Kodi iliyokuwa na mabaraza hayo ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi mambo ya pango yanafuata njia ya migogoro ya ardhi.

Anza na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Hawana mamlaka ya kuhukumu, ila mwenye nyumba anaishi mtaani na anajali sura yake hapo kuliko anavyojali barua ya wakili. Kesi nyingi za kuingiliwa chumbani huishia kwenye benchi la ofisi hiyo.

Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa linakupa hati ya kuonyesha kwamba usuluhishi umekwama. Zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea hata bila hati. Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo linaweza kuamuru mwenendo usitishwe au ulipwe fidia. Huko andaa nakala za kila kitu. Kama huwezi gharama za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake TAWLA pia hutoa msaada.

Matusi, vitisho, wizi na kushikwa mwili ni vya polisi moja kwa moja.

Nikilalamika si atanitoa?

Huenda asikuongezee mkataba. Sheria haimlazimishi kukupenda muda wako ukiisha. Lakini kama umelipa miezi sita na umetumia miwili, minne iliyobaki ni yako, na hawezi kukufukuza kwa sababu tu umemwomba abishe hodi. Anayelipa mwezi kwa mwezi hana kinga ndefu hivyo: notisi yake ni fupi, kwa kawaida sawa na kipindi anacholipia. Kwa hiyo pima. Kama umebakiza wiki tatu na ulishapanga kuhama, pengine komeo la ndani linakutosha. Kama umetoka kulipa juzi, sema mapema, kabla mazoea hayajaota mizizi.

Nihakikishe nini kabla ya kulipa?

Uliza anaishi wapi na anakuja mara ngapi. Waulize wapangaji waliopo, tena bila dalali kuwapo. Watakuambia kwa macho kabla ya mdomo. Angalia mita ya LUKU iko wapi, dirisha lako linatazama nini, bafu linafungwaje. Kisha ongeza mistari hii kwenye mkataba, kwa mkono ikibidi, na wote msaini pembeni:

"Mwenye nyumba ataingia chumbani baada ya kumjulisha mpangaji angalau siku moja kabla, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mpangaji au mwakilishi wake akiwapo. Katika dharura ya moto, maji au umeme ataingia mara moja na kumjulisha mpangaji siku hiyohiyo."

Mwenye nyumba akikataa mistari hiyo miwili kabla hujampa hela, jua utakayoyakuta ukishampa.

Na Zanzibar?

Zanzibar ina Katiba yake na sheria zake za ardhi, kwa hiyo Sura ya 113 na mabaraza yaliyotajwa hapa hayahusu Unguja na Pemba. Anzia kwa sheha wa shehia yako.